Seli za jicho zinapasiana stima

Kama ulisoma bayolojia hadi kidato cha nne lazima uliichora retina, ule utando wa nyuma ya jicho wenye seli za kunasa mwanga. Rodi huku, koni kule, kila moja na kamba yake inashuka kivyake hadi kwa neva ya jicho, halafu mwalimu anaanza na darasa linamalizia, rodi za usiku koni za mchana, rodi hazijui rangi koni zinajua, na mtihani ukifika hizo ni maksi nne umejibebea. Mimi nafundisha tuisheni ya bayolojia huku Eastlands na hiyo picha naichora kwa ubao kila mwaka manake silabasi inaitaka. Lakini kuna kitu imeachwa nje, na ndio nataka kuongelea leo kwa kirefu. Hizo seli haziko kila moja kivyake. Zimeshikana. Rodi imeshikana na koni, koni na koni mwenzake, na stima inapita kati yao moja kwa moja bila kemikali yoyote kubebana nayo, na hiyo njia jicho linaifungua na kuifunga kulingana na saa.

Chukua jioni ya hapa kwetu. Tuko karibu na ikweta kwa hivyo jua la Nairobi linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na likishazama giza linaingia haraka, kama dakika 20 hivi umetoka kwa mwanga wa kusoma gazeti hadi mwanga wa taa za matatu. Katika hizo dakika koni zinaanza kuishiwa na mwanga wa kutosha na rodi ndio zinaamka kutoka kwa mng'aro wa mchana uliokuwa umezizidi. Zote mbili ziko kazini kwa wakati mmoja na hakuna iliyo sawa kabisa. Ile picha ya ubaoni inaongea kama kuna swichi moja ya mchana na usiku, na watu wengi wanakufa barabarani za huku kwetu katika mwanga ambao sio mchana na sio usiku, kwa hivyo mimi naona ni haki mtoto ajue jicho lake linafanya nini saa hiyo.

Kwanza tuelewane vile seli zenyewe zinafanya kazi, manake ni kinyume na vile wengi wanafikiria. Rodi ikiwa gizani ndio iko bize. Voltiji ya ndani iko karibu milivolti hasi 40 na inamwagia seli inayofuata glutamati, kemikali ya kupeleka habari, bila kupumzika. Fotoni, yaani punje moja ya mwanga, ikigonga, molekuli moja ya rodopsini, protini inayonasa mwanga, inabadilika umbo, milango ya sodiamu inafungwa, voltiji inashuka na glutamati inapungua. Yaani mwanga unainyamazisha seli. Na rodi ni nyeti ajabu, fotoni moja tu inaitingisha kwa karibu milivolti moja. Mwaka 1942 Hecht, Shlaer na Pirenne kule New York waliweka watu gizani hadi macho yakazoea, wakawamulikia vimweko vidogo sana, wakapiga hesabu ikatokea kwamba mtu anaweza kuona mmweko ambao fotoni zilizonaswa kwa retina ni kati ya 5 na 14 tu. Kila nikifika hapo darasani nanyamaza kidogo wanafunzi waifikirie hiyo namba.

Retina moja ya binadamu iko na rodi kati ya milioni 90 na 120, na koni kama milioni 5 ama 6. Pale katikati kabisa, mahali unaelekeza ukisoma hii, ni koni tupu, rodi hakuna. Ndio maana nyota hafifu ukiikazia macho inapotea na ukiangalia kando yake kidogo inarudi.

Sasa hizi seli zinashikana wapi? Sio juu kule mwanga unanaswa, ni chini, kwa mguu. Koni ina mguu mpana, na pembeni mwa huo mguu kunatoka vijinyuzi vyembamba sana vinatambaa hadi vinagusa rodi za jirani na miguu ya koni zingine. Pale vinapogusana, ngozi za seli mbili zinakaribiana hadi nanomita 2 ama 3, ambayo ni kama hakuna nafasi, na hapo katikati kuna vijitundu vimejengwa kwa protini. Protini 6 zinapanga duara upande huu, 6 zinapanga duara upande ule, duara mbili zinakutana kichwa kwa kichwa na njia inatoboka kutoka seli hii hadi ile. Chaji inapita hapo, na molekuli ndogondogo pia zinapita. Protini inayohusika kwa rodi na koni inaitwa koneksini 36, iligunduliwa mwaka 1998, na hiyo 36 ni uzito wake kwa kilodaltoni. Hakuna kusubiri glutamati imwagwe ivuke inaswe. Voltiji ya huyu ikibadilika ya jirani inavutwa hapo hapo.

Na sio habari ya juzi. Mwaka 1971 Baylor, Fuortes na O'Bryan walidunga koni za kobe kwa elektrodi nyembamba wakaona kwamba ukimulika koni za kando, ile uliyodunga nayo inajibu, na ukiingiza stima kwa koni moja jirani yake anaipata. Miaka miwili baadaye Raviola na Gilula wakaangalia retina za nyani, sungura na kobe kwa maikroskopu ya elektroni wakaviona vile viungio kwa macho, koni kwa koni na koni kwa rodi. Zaidi ya miaka 50 sasa, na vitabu vyetu vya shule bado vinachora kila seli na ukuta wake.

Swali ambalo mwanafunzi yeyote mwerevu atakuuliza ni, kwa nini? Umejengewa mamilioni ya vinasa mwanga vidogo vidogo ndio upate picha kali, halafu unavichanganya, si picha inakuwa na ukungu? Ni swali zuri na jibu lake ndio linanifanya nipende hii mada.

Tatizo la kila seli ni kelele. Voltiji haitulii hata bila mwanga wowote, inacheza juu chini yenyewe kwa sababu milango ya seli inafunguka na kufungika ovyo. Juu ya hiyo kuna kelele ingine mbaya zaidi, rodopsini kujigeuza yenyewe kwa joto la mwili bila fotoni kugonga. Kwa rodi ya nyani, Baylor, Nunn na Schnapf walipima mwaka 1984 wakapata inatokea kama mara moja kila sekunde 160. Unaweza kusema hiyo ni nadra. Lakini zidisha kwa rodi zako zote ukichukulia ni kama za nyani, unapata fotoni bandia zaidi ya laki 5 kila sekunde, jicho likiwa limefungwa. Seli moja ikipiga ripoti ya mwanga, haiwezi kujua kama ni kweli.

Ni kama vile stima ikipotea usiku kwa ploti. Ukiwa peke yako huwezi jua kama ni tokeni zako zimeisha, ni fyuzi, ama ni laini nzima imeenda, kwa hivyo unatoa kichwa kwa balconi unauliza jirani, kwenu iko? Wakisema pia wao wako gizani unajua ni jambo la kweli. Koni inafanya hivyo kila saa bila kuuliza. Ile kelele ya kuchezacheza ni ya kila seli binafsi, wewe ukiwa juu jirani labda yuko chini, mkiunganishwa zinakatana. Lakini mwanga wa kweli unawafikia nyote pamoja, kwa hivyo huo unabaki. Kelele inapungua, habari inabaki.

Bei yake ni ukungu, hiyo haina ubishi, na hapa ndipo kuna ile kazi ya mwaka 2002 ambayo mimi nikiulizwa naiweka juu ya zingine zote. Steven DeVries na wenzake, Peter Sterling akiwa mmoja wao, walichukua retina ya kindi wa ardhini wa Marekani, mnyama mzuri kwa hii kazi manake anatembea mchana na retina yake imejaa koni. Wakadunga koni mbili jirani kwa pamoja, elektrodi mbili, moja inaingiza stima na nyingine inasikiliza, wakapima kiasi gani kinavuka. Wakishajua hicho wakahesabu ukungu unaoletwa na kushikana kwa koni, wakaulinganisha na ukungu ambao tayari umeletwa na lenzi na konea kabla mwanga haujafika hata kwa retina. Ule wa koni ukawa mdogo. Hebu fikiria maana yake. Lenzi ya jicho, hata ikiwa nzima kabisa, inatawanya nukta moja ya mwanga juu ya koni kadhaa, kwa hivyo koni jirani zinaona karibu kitu kimoja tayari. Zikichangia voltiji hazipotezi karibu chochote ambacho hakikuwa kimeshapotea mlangoni, na kelele inashuka. Asili haikuunganisha seli ovyo, imeunganisha kwa kiasi kile tu ambacho macho hayatagundua.

Rangi pia iko na mambo yake. Mwaka 2004 Hornstein, Verweij na Schnapf walionyesha kwa nyani kwamba koni nyekundu na koni kijani zinashikana bila kubaguana, jirani ni jirani. Hiyo inapunguza kidogo tofauti ya rangi kati yao lakini jicho limekubali, na ukiangalia mwanga ambao hizo mbili zinanasa unafanana sana kwa hivyo hasara sio kubwa. Kwa kindi mwaka huo huo Li na DeVries wakakuta koni za bluu ziko na mtandao wao na za kijani wao. Hapo naona mantiki, bluu iko mbali sana na kijani, ukiyachanganya hayo unaharibu kitu cha maana.

Twende kwa rodi na koni sasa, manake hapa ndipo ile hadithi ya swichi ya mchana na usiku inaanguka kabisa.

Rodi haina laini yake yenyewe hadi kwa ubongo. Iko na njia tatu na zote mwishoni zinaingilia kwa barabara ya koni. Ya kwanza ndio maarufu, rodi inaipa seli yake maalum ya bipola, hiyo inaipa seli nyingine ya amakrini (hizi mbili ni seli za ndani za retina zinazopokezana habari), ndio sasa inaingia kwa bipola za koni. Ni ndefu lakini ni safi, na ndio inatumika chini ya nyota tu. Ya pili ndio yetu ya leo, rodi inapitisha stima yake kwa kile kiungio moja kwa moja ndani ya koni, na koni inapeleka habari ya rodi kama yake. Ya tatu rodi inagusa bipola fulani za koni bila kupitia kwa mtu. Mwaka 1995 Schneeweis na Schnapf walidunga koni za nyani wakapata ndani yake mwitikio mdogo wa polepole ambao haukuwa wa koni, ulikuwa wa rodi. Koni ikiwa imebeba sauti ya rodi ndani ya voltiji yake.

Na kwa binadamu hai hatuwezi kudunga mtu, lakini kuna jaribio moja mimi naona ni la akili sana. Unakaa gizani, unamulikiwa mwanga hafifu unaowaka na kuzima mara 15 kwa sekunde, mwanga wa kutosha rodi peke yake. Ukiwa hafifu kabisa unaona unachezacheza. Ukiongezwa kidogo, kuna mahali unafika ule mchezo unapotea, unaona mwanga umetulia tu ilhali mashine bado inawasha na kuzima. Ukiongezwa tena, unarudi kucheza. Mwaka 1989 Sharpe, Stockman na MacLeod walieleza kinachotokea. Habari ya rodi inasafiri kwa njia mbili, moja ya haraka na moja ya polepole, na zinapishana kwa takriban milisekunde 33. Mara 15 kwa sekunde inamaanisha mzunguko mmoja ni kama milisekunde 67, kwa hivyo nusu yake ni hizo 33. Yaani ya haraka ikiwa juu ya polepole iko chini, na zikikutana zikiwa na nguvu sawa zinafutana. Njia ya haraka inaaminika ndio ile ya rodi kuingia kwa koni. Mmoja wa waliopimwa kwa hizi kazi, matokeo yakachapishwa mwaka 1991, ni Knut Nordby, mwanasayansi wa Norway ambaye mwenyewe alizaliwa bila koni zinazoona, na hata yeye mchezo ulipotea. Mimi nimeisoma hiyo mara nyingi na bado inanisisimua, mtu anakaa kwa kiti tu anaangalia taa, na kutoka kwa kile asichokiona unajua kuna barabara mbili ndani ya jicho lake.

Sasa saa. Mwaka 2008 Ribelayga, Cao na Mangel walitoa kazi juu ya samaki wa dhahabu na panya. Wanachukua retina, wanaikata kwa wembe uliopakwa rangi maalum ya molekuli ndogo inayoweza kupenya vile vijitundu, rangi inaingia kwa seli zilizokatwa pekee, halafu wanasubiri waone itatambaa hadi wapi. Retina iliyochukuliwa mchana, hata ikiwekwa gizani, rangi haifiki mbali. Ya usiku inatambaa seli baada ya seli baada ya seli. Na hizo zote ziko gizani, tofauti ni saa ya mwili tu. Retina iko na saa yake ndani. Mchana dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, iko juu, inashika kipokezi cha D4 kwa rodi na koni, ndani ya seli mambo yanashuka hadi koneksini 36 inanyang'anywa fosfeti na njia inabana. Usiku dopamini inashuka, adenosini, kemikali nyingine, inapanda na kusukuma upande ule mwingine, fosfeti inarudi, njia inafunguka. Sio waya uliochomelewa mara moja ukakaa hivyo milele. Ni kiungio kinachorekebishwa kila siku, na mantiki yake unaiona, mchana mwanga uko mwingi hauhitaji jirani, usiku bora ujue kuna kitu kikubwa mbele yako hata kama kingo zake hazijakaa vizuri.

Kuna wasiokubali hiyo mantiki kirahisi na wana hoja. Fotoni moja ikigonga rodi moja, ule mtikisiko wa milivolti moja ukigawanywa kwa majirani walio kimya unayeyuka. Kwa mwanga wa nyota ungetaka rodi ifunge mlango ijisemee yenyewe kwa ile njia ya kwanza. Mimi naona wote wawili wanaweza kuwa wanaongelea mwanga tofauti. Kitu kikubwa hafifu kinachogonga rodi nyingi kinafaidika na kuunganishwa, nukta moja pekee inapoteza. Na porini usiku kinachokuua mara nyingi sio nukta.

Kazi za karibuni zimesafisha picha zaidi. Maabara ya Ribelayga ilitoa mwaka 2020 matokeo kwamba kwa panya viungio karibu vyote ni vya rodi na koni, na kwamba lazima koneksini 36 iwe pande zote mbili ndio stima ipite. Halafu mwaka 2022 watu wakajenga upya retina ya panya kutoka kwa picha za elektroni kipande kwa kipande, wakafuata kila kijinyuzi, wakakuta karibu viungio vyote ni rodi kwa koni. Rodi kwa rodi hawakuona. Kwa panya koni ni kama asilimia 3 tu ya vinasa mwanga vyote, kwa hivyo hiyo asilimia 3 ndio imeshika mtandao wote, rodi ikitaka kuongea na rodi lazima ipitie kwa koni. Mwanafunzi akiniambia koni za panya hazina kazi manake ni mnyama wa usiku, namwonyesha hiyo.

Nimeandika hii yote nikiwa na mtu kwa mawazo. Mtoto wa shangazi yangu, mimi namwita dada manake alinilea kidogo, ako na retinaitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua seli za kunasa mwanga polepole. Ilianza akiwa shule ya upili, jioni hawezi kutoka darasani kwenda bwenini bila kushikwa mkono, watu wakasema ni uoga, wengine wakasema ni ukosefu wa karoti. Baadaye pembeni kukaanza kufungika. Sasa anaona kama anachungulia kwa bomba, na bado kidogo kidogo panazidi kuwa pembamba. Kuvuka Jogoo Road saa moja jioni ni kitu hafanyi tena. Nilipomweleza kwamba kwa watu wengi kosa liko kwa jeni inayohusu rodi pekee, kwa mfano jeni ya rodopsini ambayo koni haina kazi nayo kabisa, alinitumia voisi noti ya swali moja. "Mdogo wangu, sasa kama rodi ndio mbovu, hizo koni zinanifia kwa nini na zenyewe hazina makosa?"

Hilo swali ndio limewasumbua hata watafiti. Na ukishajua seli zimeshikana, jibu la kwanza linalokuja ni la wazi, labda rodi inayokufa inapitisha sumu kwa kile kijitundu hadi kwa koni. Ripps aliliandika hilo mwaka 2002. Ni wazo zuri na mimi nililipenda, lakini likapimwa. Mwaka 2013 watafiti walichukua panya wenye ugonjwa wa aina hiyo wakaondoa koneksini 36 kwa koni, njia ikawa imefungwa, wakahesabu koni. Zilikufa vile vile. Kwa hivyo kwa hao panya, koni haiuliwi na kiungio. Maelezo mengine yanasimama vizuri zaidi. Rodi hutoa protini fulani ambayo mwaka 2015 ilionyeshwa inaisaidia koni kuingiza glukosi, rodi zikiisha hiyo protini inaisha na koni inalala njaa huku damu yenye sukari ikipita karibu.

Lakini stima haijatoka kwa hadithi ya dada. Seli za kunasa mwanga zikishakufa, zile za ndani zinabaki, na zile amakrini nazo zimeshikana kwa stima na bipola za koni. Kwa panya, huo mtandao ukishakosa habari kutoka juu unaanza kupiga wenyewe, kama mara 10 kwa sekunde, mdundo usiokoma ambao unafika hadi kwa seli zinazopeleka habari kwa ubongo. Hili ni jambo kubwa kwa sababu ya kile kinachojaribiwa saa hii. Mwaka 2021 kulitolewa ripoti ya mwanamume mmoja aliyekuwa amepofushwa na huu ugonjwa, akawekewa kwa jicho moja jeni ya protini inayonasa mwanga, sio kwa rodi wala koni, ni kwa seli za ndani, na akivaa miwani maalum akaweza kutambua kuna kitu kwa meza, kukigusa na kuhesabu. Ukirudisha mwanga kwa retina ambayo chini yake kuna mdundo unapiga, unajaribu kuongea na mtu aliyevaa kelele masikioni. Na nyuma kidogo, mwaka 2013, watafiti wengine walionyesha kwa panya kwamba dawa inayofunga vile viungio inazima mdundo na mwitikio wa mwanga uliokuwa umezikwa unaonekana tena.

Nilimtumia dada hiyo ya mwisho. Alisema cha kwanza panya sio yeye, na yuko sawa. Cha pili akaniambia Jumamosi nifike kwao na karatasi yenyewe, anataka aelewe njia inafungwa vipi bila kuzima zile koni bado anazo, manake hizo hayuko tayari kuchezewa, na shangazi amesema nikija nije na njaa.